Sura ya Tano: Paka wa Singa na Mkono wa Mwenyewe

Paka mwenye manyoya ya singa huchaguliwa kwa macho, lakini kuishi naye ni kazi ya mkono. Mtu humwona katika picha au katika sebule ya jamaa yake, mkia wake mnene, shingo yake imezungukwa na manyoya marefu, macho yake makubwa ya rangi ya shaba au ya samawati, naye huingiwa na mapenzi hata kabla hajauliza mnyama yule hula nini, huugua nini, na ni nani atakayeketi naye kila siku na kitana mpaka manyoya yale yabaki vile alivyoyaona. Sura hii nimeiandika kwa ajili ya mkazi wa Eastlands ya Nairobi, yaani mtu wa Kaloleni na Makongeni, wa Jericho na Buruburu, wa Umoja, Dandora, Kayole na Pipeline, kwa sababu sehemu kubwa ya maarifa juu ya paka hawa imeandikiwa watu wenye ua mpana na maji ya mfereji usiku na mchana. Na mwenye chumba kimoja katika ghorofa ya sita, ambaye maji humjia kwa zamu na kwa madumu, huyasoma akadhani kwamba paka wa namna hii si riziki yake. Mimi naitakidi kwamba aweza kuwa riziki yake, maadamu ajue mapema ni jambo gani analolikubali.

Sifa za paka hawa zilianza kuandikwa zamani. Mwaka 1620 msafiri wa Kirumi, Pietro della Valle, akiwa katika nchi ya Uajemi, aliwataja katika barua paka wa jimbo la Khorasani, akasifu urefu na ulaini wa manyoya yao, akaazimia kuwachukua mpaka kwao Roma. Na miaka zaidi ya mia mbili baadaye, mwaka 1871, Mwingereza Harrison Weir alipoandaa maonyesho ya paka katika jumba la Crystal Palace mjini London, paka wa Kiajemi walikuwa miongoni mwa walioonyeshwa. Sisi wa Afrika ya Mashariki, ambao majahazi ya Ghuba yalitutembelea kwa karne nyingi, tulipata tende, mazulia na masanduku, lakini paka aliyestawi katika pwani yetu ni yule wa Lamu, mwembamba, mrefu wa miguu, mwenye manyoya mafupi yaliyolala mwilini, anayewangoja wavuvi gatini. Na katika msitu wa Arabuko Sokoke yuko yule ambaye Wagiriama humwita khadzonzo, aliyeonekana na Jeni Slater katika shamba lake mwaka 1978, akapelekwa Denmark, na mwaka 1993 akakubaliwa na shirikisho la wafugaji la FIFe kuwa kabila la paka lenye nasaba yake. Naye pia manyoya yake ni mafupi. Joto la pwani halimpendelei paka wa singa, walakini Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ambayo mwezi wa Julai humlazimisha mtu avae sweta hata adhuhuri, ina hewa ambayo mnyama huyu huiona njema, na katika hilo mkazi wa Umoja amepewa fadhila asiyokuwa nayo tajiri wa Mombasa.

Makabila yaliyo maarufu kwa singa pamoja na upole ni machache. Paka wa Kiajemi ndiye aonekanaye zaidi mjini kwetu: mzito, mkimya, asiyependa kuruka juu ya kabati, ambaye hutosheka na kiti kimoja na mtu mmoja. Ragdoll, kabila lililoanzishwa na Ann Baker huko Riverside, California, katika miaka ya 1960, ni mkubwa zaidi, dume lake hufika kilo 6 hadi 9, naye humfuata mwenyewe kutoka chumba hadi chumba na hulegea mwili mzima anapobebwa. Maine Coon, wa kaskazini mashariki ya Marekani, ana mchezo na nguvu, na chumba kimoja humbana. Ningeulizwa mimi ni yupi amfaaye mtu wa Eastlands, ningejibu kwamba jina la kabila lije la tatu, baada ya afya na tabia. Na kwamba paka chotara mwenye singa, aliyelelewa vema katika nyumba ya watu, humshinda Mwajemi halisi aliyekulia katika kizimba.

Urefu wa manyoya hurithiwa kwa kanuni ambayo kila mnunuzi yampasa aijue, kwani ndiyo ngao yake dhidi ya ulaghai. Chembe ya urithi iitwayo FGF5, katika hali yake ya kawaida, huamuru nywele zikome kukua zifikapo kimo fulani. Ikibadilika, amri hiyo hupotea na nywele huendelea. Lakini ili paka awe wa singa sharti arithi chembe iliyobadilika kwa baba na kwa mama pamoja. Akirithi kwa mmoja tu, manyoya yake huwa mafupi, ingawa yeye huibeba siri hiyo na aweza kuwarithisha wanawe. Kwa hiyo paka jike wa Kiajemi wa Donholm aliyetoroka usiku mmoja akakutana na paka shume wa mtaani, atazaa watoto ambao aghalabu wote watakuwa na manyoya mafupi. Na kwa kuwa kila mtoto wa paka, awe wa nasaba ama wa jalalani, akiwa na umri wa wiki tano au sita huwa na malaika yaliyosimama mwili mzima, muuzaji asiyemcha Mungu humpiga picha katika umri huo na kumtangaza kuwa Mwajemi. Mwenye busara huomba kuwaona wazazi wote wawili, au akikosa hayo hungoja mpaka mtoto atimize miezi mitatu, kisha hutazama mkia, vishungi vya ndani ya masikio, na manyoya ya katikati ya vidole. Na kanuni hiyohiyo ina upande wa rehema: paka wawili wa kawaida wa mtaani, wote wenye manyoya mafupi, wakiwa wameibeba siri ile, huweza kuzaa mtoto mmoja wa singa kati ya ndugu zake, akapatikana bure na mtu aliyefungua macho.

Bei ya mtoto wa Kiajemi mwenye hati mjini Nairobi huweza kupita kodi ya mwezi ya chumba, na msomaji Mwislamu wa Pumwani au Eastleigh huenda akauliza kama fedha hiyo ni halali, kwa sababu imepokewa katika Sahihi ya Muslim, kwa riwaya ya Jabir, katazo juu ya thamani ya paka. Wanavyuoni walikhitilafiana: wako waliolichukua katazo hilo kwa dhahiri yake, na jamhuri ya mafakihi, wakiwamo wale wa madhehebu manne, waliona kwamba kuuza paka mwenye manufaa kwajuzu. Moyo wa mtu ukibaki na shaka, iko njia ya hiba, nayo si ngeni katika mitaa yetu. Jirani humpa jirani mtoto wa paka na kupokea ahsante tu. Liko pia Shirika la Kuhifadhi na Kutunza Wanyama la Kenya, KSPCA, lenye makao yake Karen, ambalo huwapa watu wema paka walioachwa, waliokwisha kuchanjwa na kufungwa kizazi, kwa mchango ambao haulingani na bei ya soko.

Ama tabia, ambayo wengi hudhani huja pamoja na hati ya nasaba, asili yake ni mambo mawili yasiyoandikwa katika hati. La kwanza ni baba. Mtafiti Sandra McCune, aliyefanya kazi yake Uingereza na kuichapisha mwaka 1995, alionyesha kwamba watoto waliozaliwa na dume mpole huwaendea watu kwa ujasiri zaidi, hata kama hawakumwona baba yao maisha yao yote. Basi yule anayekuuzia mtoto bila kujua baba yake ni nani anakuuzia nusu ya tabia gizani. La pili ni mkono. Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, katika miaka ya 1980 alithibitisha kwamba kuna mlango ambao hufunguka mtoto wa paka akiwa na wiki mbili na kufungika akiwa na wiki kama saba, na kwamba mtoto aliyeshikwa na watu kila siku katika muda huo, hasa kama walikuwa watu mbalimbali, hukua akimpenda binadamu, na aliyekosa mkono katika wiki hizo hubaki na hofu ambayo miaka ya wema huipunguza tu bila kuiondoa. Hapa ndipo nyumba ya Eastlands inapoipita ile ya mtaa wa kimya. Mtoto wa paka aliyezaliwa chini ya kitanda huko Kayole, katika chumba ambamo watoto watatu wanafanya kazi za shule, shangazi anakuja na kuondoka, redio inaimba, sufuria inaanguka na jirani anabisha hodi kuomba chumvi, amekwisha kusoma ulimwengu kabla hajaachishwa ziwa. Mwende mtazame alipozaliwa, wala msimpokee nje ya lango la maduka kutoka katika buti la gari. Ketini chini, nyamazeni, mnyoshe mkono, na mwangalie ni yupi ajaye. Na asitengwe na mama yake kabla ya wiki ya kumi na mbili, kwani adabu ya kuuma kwa kiasi na kuficha makucha hufunzwa na mama na ndugu.

Afya ya paka wa singa ina mitego yake. Paka wa Kiajemi ambaye wafugaji wamembonyeza uso mpaka pua imelingana na macho hupumua kwa shida, machozi yake hayapati njia yakatiririka usoni, na meno yake hukosa nafasi. Nami namsihi msomaji achague uso wenye pua inayoonekana, ingawa wauzaji huuita wa daraja ya chini. Vumbi la Januari na Februari peke yake ni mtihani wa kutosha katika Komarock na Dandora, moshi wa jaa usijatajwa, bila kumwongezea mnyama kwa makusudi pua isiyofanya kazi. Yako pia maradhi ya figo yanayojaza malengelenge ya maji, yanayorithiwa kwa mzazi mmoja tu mwenye nayo. Uchunguzi uliofanywa nchi mbalimbali kabla ya kipimo cha damu kupatikana ulikuta zaidi ya thuluthi moja ya paka wa Kiajemi wanayo, na chembe yenye kosa ilitambuliwa mwaka 2004. Ragdoll na Maine Coon hurithi unene wa msuli wa moyo, na kwao pia kipimo kipo. Mfugaji mwaminifu huonyesha majibu ya vipimo vya wazazi bila kununa.

Baada ya paka ni nyumba. Eastlands si nyumba ya namna moja. Kaloleni na mitaa mingine ya halmashauri iliyojengwa katika miaka ya 1940 na 1950 ina nyumba za chini zenye kiwanja cha pamoja na miti, ambapo paka mwenye manyoya mafupi huishi kisultani, lakini mwenye singa hurudi jioni amebeba miiba, majani na tope la mfinyanzi mweusi hadi mapajani. Buruburu, iliyoanza kujengwa katika miaka ya 1970, ina nyumba za ghorofa moja zenye ua mdogo nyuma, na ua huo ukifunikwa wavu juu huwa bustani salama. Umoja na Pipeline ni ghorofa juu ya ghorofa, roshani inatazamana na roshani, na hapo hatari ni anguko: paka aliyelala juu ya ukuta wa roshani, akimfuata njiwa kwa macho, husahau kwamba hana mbawa. Fundi wa Kariobangi Light Industries aliyekutengenezea madirisha hashindwi kukushonea fremu ya wavu kwa bei ya wastani, nawe muulize kabla ya kumleta paka nyumbani, si baada ya siku ya msiba. Muulize vilevile mwenye nyumba, au yule msimamizi wa ploti ambaye wapangaji humwita keateka, na upate ruhusa iliyo wazi. Paka wengi hutupwa kwa sababu ya barua ya kuhama, si kwa sababu ya kukosa mapenzi.

Sasa nafika kwenye kitana, ambacho ndicho moyo wa maisha haya. Manyoya ya singa yana tabaka mbili: ya juu, marefu na yenye kuteleza, na ya chini, mafupi na laini mno, ambayo hutoka kila siku yakanaswa na yale ya juu. Yasipoondolewa huviringana yakawa fundo, na fundo huanza mahali pasipoonekana: nyuma ya masikio, kwapani, chini ya kidevu, tumboni, na katika suruali ya mapaja. Fundo dogo humkera mnyama. Likiachwa wiki mbili huvuta ngozi kila anapopiga hatua, hewa haipiti, ngozi inalowa, viroboto wanapata maficho, na mwisho paka aliyekuwa mpole huuma mkono unaomgusa, watu wakasema amegeuka tabia, kumbe ana maumivu. Nunua kitana cha chuma chenye meno marefu yaliyopishana nafasi, na kingine chenye meno ya karibu kwa ajili ya uso. Anza kwa mgongo, ambapo hapana paka asiyependa kushikwa, kisha ubavu, kisha mkia, na tumbo liwe la mwisho. Fundo lichambuliwe kwa vidole kutoka nchani kuelekea ngozini, huku mkono wa pili umeshika shina la manyoya ili ngozi isivutwe. Wala usiingize mkasi kati ya fundo na ngozi, kwa sababu ngozi ya paka ni nyembamba na hupanda pamoja na fundo, nawe hukata nyama ukidhani unakata manyoya. Dakika kumi kila jioni, wakati taarifa ya habari inasomwa, zatosha.

Dakika hizo ndizo zinazoumba mapenzi yenyewe. Watu husema paka wa singa ni wenye mahaba kwa asili, nami sikatai, lakini nimeona katika nyumba nyingi za Jericho na Maringo kwamba mtu ambaye paka humngoja mlangoni ni yule anayemchana, si yule aliyetoa fedha ya kumnunua wala yule anayemmwagia chakula. Na mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili, aliyekabidhiwa kitana kwa sababu mama yake hurudi usiku kutoka kazini, huwa ndiye mwenye paka kwa haki, hata kama hati ina jina la mwingine. Manyoya humlazimisha mtu aketi, aketi karibu, na aketi kila siku. Paka wa manyoya mafupi aweza kupendwa kwa mbali na asidhurike, huyu hawezi.

Maji hayahitajiwi sana, na hili ni jambo la faraja kwa mtu anayeyahesabu kwa madumu. Paka anayechanwa kila siku aweza kukaa miezi bila kuoshwa, na siku ya kumwosha, achanwe kwanza mpaka asibaki na fundo hata moja, kwani maji hulikaza fundo lisifunguke tena. Iwe asubuhi ya siku ya jua, maji vuguvugu, sabuni ya paka, na taulo mbili. Macho ya Mwajemi hupanguswa kila asubuhi kwa pamba iliyochovywa katika maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na pamba yake. Mchanga wa choo uwe mkavu na wa chembe nene; vumbi la mbao la mafundi wa Gikomba ni rahisi, lakini hunasa katika suruali ya manyoya likasambazwa hadi kitandani, na hilo ni jambo ambalo mwenye paka wa manyoya mafupi halijui.

Katika chakula, paka hula nyama kwa sharti la maumbile. Mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha ile kemikali ya taurini ipatikanayo katika nyama, hasa moyo wa mnyama na nyama nyeusi, na tangu mwaka 1987 imejulikana kwamba upungufu wake huulegeza moyo mpaka ukashindwa kazi, na kabla ya hapo ilijulikana kwamba hupofusha macho. Basi ugali uliochanganywa na mchuzi, ambao ndio urithi wa paka wengi wa Nairobi, ni shibe bila lishe. Soko la nyama la Burma lina moyo wa ng'ombe na mapafu kwa bei isiyoumiza, Gikomba kuna omena na mgongo wazi, navyo ni msaada pamoja na chakula cha dukani kilichokamilika. Ila samaki wapikwe, kwani samaki wengi wakiwa wabichi huharibu vitamini ya B1, na mifupa ya mgongo wazi iondolewe yote. Kitunguu na kitunguu saumu ni sumu kwake. Maziwa humharisha paka mkubwa, na kuharisha katika singa ni kazi ambayo sitaieleza. Kwa kuwa hujilamba na kumeza manyoya yake, huyatapika madonge mara kwa mara. Akichanwa, madonge hupungua.

Nimelibakiza jambo zito. Upole wa paka huyu ndio hatari yake. Paka shume wa mtaani huishi kwa kumshuku kila mtu, naye hufanya vema. Paka aliyefunzwa kwamba kila mkono ni mkono wa rehema humwendea mgeni, mwizi na mtoto mwenye jiwe kwa mkia uliosimama. Mwaka 2018, mahakama mjini Nakuru ilipomfunga mtu aliyekiri kuchinja paka na kuiuza nyama yao kwa watengeneza sambusa, watu wengi walitaharuki kwa ajili ya matumbo yao, nami nilitaharuki pia kwa ajili ya paka, kwa maana ni paka wa namna gani hukamatika kwa urahisi isipokuwa yule anayewaamini watu? Kando ya Jogoo Road na katika vituo vya matatu utasikia vipaza sauti vikitangaza dawa ya panya, mende na kunguni mchana kutwa. Panya aliyekula sumu hupungukiwa na mbio, paka akamkamata, na sumu ikapita. Zile zinazozuia damu isigande hukaa siku kadhaa kabla ya dalili, na tiba yake ni vitamini K kwa mkono wa daktari, iwapo atafikiwa mapema. Ndani ya nyumba imo sumu nyingine: dawa ya viroboto wa mbwa yenye permethrini, iuzwayo katika duka lolote la agrovet, humtia paka kifafa na kumuua, na kidonge kimoja cha paracetamol, apewacho kwa huruma na mtu aliyeona ana homa, chaweza kumuua pia. Kwa hiyo shauri langu ni kwamba paka wa singa akae ndani. Na anayemfungia ndani ajue amebeba dhamana, kwani imepokewa katika Bukhari na Muslim habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie.

Majirani wana haki zao. Paka wa Kiajemi hushikwa kwa wepesi na choa, na choa hupita kutoka kwa paka hadi kichwa cha mtoto, kikawa mapunye, na kutoka kichwa hicho hadi vichwa vya korido nzima. Mahali popote ambapo manyoya yamenyonyoka kwa umbo la duara, mpeleke kwa daktari na uzuie watoto kwa muda. Mwanamke mjamzito asisafishe choo cha paka, au akikosa msaidizi avae glavu na kukisafisha kila siku, kwa sababu vijidudu vya toksoplasma huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Na nyama isiyoiva ni njia kubwa zaidi ya ugonjwa huo kuliko paka wa ndani. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya lazima hata kwa asiyetoka, kwa kuwa mlango huachwa wazi siku moja, na serikali ya Kenya imejiwekea mpango wa kuukomesha ugonjwa huo kwa binadamu ufikapo mwaka 2030. Chanjo ya maradhi ya paka yenyewe huanza wiki ya nane na kurudiwa mpaka wiki ya kumi na sita. Dume ahasiwe na jike afungwe kizazi karibu na mwezi wa tano, maana mimba yake ni ya wiki tisa tu, na kilio cha joto lake katika ghorofa ya watu mia mbili humaliza subira ya jirani mwema.

Ama kuhusu madaktari, msomaji atafute mwenye kusajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo katika kampasi yake ya Upper Kabete. Safari ni ndefu, tena matatu za njia ya 58 hazijulikani kwa ukimya. Toka saa nne asubuhi, makundi yakiwa yamekwisha kwenda kazini, umweke paka katika kikapu chenye kifuniko kilichofungwa kwa kamba, ukifunike kwa leso iliyolaliwa na watu wa nyumbani ili anuse harufu anayoijua, na uketi mbali na spika. Kikapu kiachwe wazi sebuleni wiki nzima kabla, alale humo kwa hiari yake.

Kisha uko mwezi wa Desemba, ambao vitabu vya Ulaya havina habari nao. Eastlands huhama; nyumba kwa nyumba hufungwa, watu wakapanda mabasi kwenda Kakamega, Kisii, Murang'a na Kitui, na paka wengi huachiwa sahani moja ya chakula na dirisha la choo. Paka wa singa hafai kusafirishwa kwa muda wa saa nane juu ya magoti, wala hafai kuachwa. Wiki moja kabla ya safari, mwombe daktari anyoe manyoya ya tumboni na mapajani yawe mafupi, ili wiki tatu za kitana cha mtu asiyezoea zisizae fundo. Mwendeeni jirani asiyesafiri, aghalabu ni mtu mzima aliyezaliwa hapahapa Pumwani au Shauri Moyo na asiye na kwao kwingine, mumwambie, "Mama, tunakuachia mtoto," na aje kumlisha na kumchana angalau wiki mbili kabla hamjaondoka, paka amjue mkono wake mkiwa bado mpo. Ufunguo, chakula cha kupita siku mlizokusudia, namba ya daktari, na fedha katika simu yake ya kutosha teksi moja ya kwenda na kurudi, akabidhiwe usiku wa kuamkia safari.